Maziwa ya mtoto: yapi yatangulie, yapi yaachwe dukani

Mwongozo huu unamhusu mtoto aliyekwisha kutimiza mwaka mmoja, kwani aliye chini ya hapo bado ni wa maziwa ya mama.

Nafasi ya kwanza nayapa maziwa yasiyopunguzwa mafuta, yale ambayo yakichemshwa na kupoa hufanya utando wa malai juu. Kikombe cha mililita 250 kina takriban gramu 8 za mafuta na kilokalori 150. Kwa mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miwili hakuna mjadala: ubongo wake unakua kwa kasi na tumbo lake ni dogo. Baada ya miaka 2, madaktari wengi wa watoto hushauri mafuta yapunguzwe ili kuzuia unene. Ushauri huo una mantiki ya hesabu, lakini ushahidi hauupi nguvu sana. Uchambuzi wa watafiti wa Toronto uliochapishwa mwaka 2020, uliopitia tafiti 28 na kuunganisha takwimu za 14 kati yake zenye watoto karibu 21,000, ulikuta kwamba wanaokunywa maziwa yenye mafuta kamili wana uwezekano mdogo zaidi wa kunenepa kupita kiasi, kwa takriban asilimia 40. Huenda, bila shaka, ni wazazi wa watoto wembamba ndio wanaochagua maziwa hayo. Hata hivyo, jaribio la miezi 3 nchini Australia, ambamo watoto 49 wa miaka 4 hadi 6 walipangiwa kwa bahati nasibu maziwa, mtindi na jibini vyenye mafuta kamili au yaliyopunguzwa, halikuona tofauti ya mafuta mwilini wala ya shinikizo la damu.

Ya pili ni yaliyopunguzwa mafuta, yenye protini na kalisi ileile, hasa pale daktari anapohofia lehemu (kolesteroli) nyingi ya kurithi. Ya tatu ni yaliyoondolewa mafuta kabisa. Vitamini A huondoka na mafuta hayo, basi hakikisha lebo inasema imerudishwa.

Ya mwisho ni ya chokoleti au stroberi yaliyotiwa sukari, ambayo mara nyingi hujinadi kwa maneno «mafuta kidogo» upande wa mbele. Geuza pakiti: sukari ikifuata mara tu baada ya maziwa katika orodha ya viambato, irudishe.

Aina yoyote utakayochukua, vikombe 2 kwa siku vinamtosha mtoto mdogo. Vikizidi sana hushiba maziwa, akakataa chakula, na madini ya chuma yakapungua mwilini.