Mkanda wa NATO au wa tabaka moja: upi unailaza saa mkononi?

Yote miwili ni ya nailoni na hupita chini ya saa kwa urefu wake wote, kwa hiyo pini moja kati ya mbili zinazoushika mkanda kwenye saa ikichomoka, saa inabaki imeshikwa na ya pili. Hapo ni sare.

Tofauti iko mgongoni mwa saa. Mkanda wa NATO, uliotokana na ule wa jeshi la Uingereza wa mwaka 1973, una kipande kifupi cha ziada chenye pete ya chuma, kinachozuia saa isiteleze. Kwa hiyo chini ya saa kuna tabaka mbili: nailoni ya milimita 1.2 inaiinua kwa milimita 2.4. Saa ikiwa nene tayari, inakwama kwenye mkono wa shati kila ukinyanyua kalamu. Wa tabaka moja unainua nusu ya hapo tu. Ila ukiufungua bila kuishika saa, inaweza kuteleza hadi mwisho wa mkanda na kuanguka.

Kwa saa ya ofisini nachagua tabaka moja bila kusita. Mpiga mbizi, asiyetaka saa iteleze, achukue NATO. Kabla ya kulipa, kagua uwazi kati ya pini na saa yenyewe. Ukiwa mwembamba, nailoni nene haipiti.