Seiko SKX007: Imeachwa Kutengenezwa, Lakini Bei Haishuki

Wadau, karibuni. Leo hakuna simu, hakuna spika, hakuna chaja. Leo ni hii hapa. Ngoja kamera ishike... haya, imeshika. Seiko SKX007. Nyie mlionijazia meseji mkiuliza "kaka, hii saa ina nini mpaka watu wanaigombania?", video yenu hii. Na wale mnaolalamika kwamba chaneli imeacha teknolojia imekimbilia vitu vya wazee, vumilieni, simu zinarudi wiki ijayo.

Sitawasomea upana wala uzito. Wanaoipenda wanavijua kuliko mimi. Kwa mgeni niseme tu: ni saa ya kupigia mbizi, ya Kijapani, ilitoka 1996, ikaachwa kutengenezwa 2019. Haina betri, inajitia ufunguo yenyewe ukitembeatembea nayo. Inahimili maji mpaka mita 200. Imetosha.

Sasa nataka tukae hapa, hapa kilipo kidole changu. Hii ringi ya nje inayozunguka kioo. Bezeli. Nasogeza maikrofoni, nyamazeni kidogo.

Mmesikia? Rudia. Tiki. Tiki. Tiki. Mzunguko mzima una hatua 120, maana yake kila hatua ni nusu dakika. Haitelezi, haichezi, unaipeleka kwa vidole viwili na inasimama palepale ulipoiachia. Angalieni pembeni, imekatwa meno, kwa hiyo hata mkono ukiwa na maji au sabuni bado unaishika.

Haya, naizungusha kwenda kushoto. Inakwenda. Sasa kulia... naisukuma kulia jamani, mnaona kucha inavyobadilika rangi? Haiendi. Na haijaharibika, imetengenezwa hivyo makusudi, na hapa ndipo mimi huwa nachanganyikiwa kwa raha.

Kamera ije juu. Tuseme nazama sasa hivi. Mshale wa dakika uko kwenye dakika ya 10. Nachukua hii pembetatu yenye doti ya kung'aa, naileta mpaka inatazamana na mshale. Basi, nimeanza kuhesabu. Mshale ukifika kwenye 25, sifanyi hesabu yoyote, nasoma kwenye ringi: dakika 15 ziko majini. Mpiga mbizi ana hewa ya kuhesabu mgongoni, kwa hiyo hilo ndilo swali lake kubwa: nimekaa chini muda gani?

Sasa chini kuna mwamba. Mkono unagonga mwamba, ringi inasogea hatua mbili. Itasogea upande gani? Kushoto tu, hakuna kwingine. Pembetatu inarudi kutoka 10 mpaka 9. Nikisoma tena, ringi inaniambia dakika 16. Imenidanganya, lakini imenidanganya upande wa usalama: nitapanda mapema. Ingekuwa inaenda pande zote, ingeweza kunisomea 14, na mimi nimeshika imani na hewa inaisha. Mtu aliyekaa mezani akawaza ajali kabla haijatokea, akaweka kizuizi cha upande mmoja! Simu zangu zote hizi hapa mezani hakuna hata moja yenye kitu kilichofikiriwa namna hiyo. Samahani, nimepandisha sauti.

Wazo la ringi lenyewe si la Seiko. Mwaka 1953 Blancpain ya Uswisi walitoa Fifty Fathoms, iliyotokana na mahitaji ya wapiga mbizi wa jeshi la Ufaransa, akina Robert Maloubier na Claude Riffaud. Mwaka huohuo ikazaliwa Rolex Submariner, ile ambayo ukipita Kariakoo unauziwa tatu kwa bei ya chakula cha mchana. Seiko waliingia 1965 na saa yao ya kwanza ya mbizi, mita 150. Kwa hiyo huyu ni mjukuu. Ila mjukuu aliyekuja kwa bei ya watu: enzi zake ulikuwa unaipata kwa dola 200 na kitu, na ukibahatika chini ya hapo.

Zima taa. Zima zote, na ile ya korido. Asante, mdogo wangu.

Mnaona? Duara, duara, duara, na juu kwenye 12 kuna pembetatu nene ili usichanganye juu na chini. Sasa tafuteni kile kidoti kinachotembea. Hicho ni mshale wa sekunde, lakini doti hawakuiweka kwenye ncha, wameiweka mkiani. Kwa hiyo gizani inapita upande wa pili kabisa wa sekunde halisi. Mwanzoni inaudhi. Lakini kazi yake ni moja: kukuonyesha kwamba saa haijasimama. Hilo limo kwenye kanuni ya kimataifa ya saa za mbizi, ISO 6425, na saa ikipita vipimo ndiyo inaruhusiwa kuandikwa "Diver's" usoni, kama hii. Kanuni hiyohiyo inataka saa ijaribiwe kwa shinikizo la asilimia 125, kwa hiyo hii ya mita 200 imetengenezwa kuhimili ya 250. Mpiga mbizi wa burudani kikomo chake ni mita 40. Washa taa.

Najua mtaniambia: kaka, wapiga mbizi wa siku hizi wanavaa kompyuta ndogo mkononi. Kweli, nenda Mafia, nenda Pemba, wamezivaa. Mimi mwenyewe ringi hii naitumia kwa wali, kwa mapumziko ya mpira, na zaidi kwa yule rafiki anayesema "niko njiani, dakika tano". Naleta pembetatu kwenye mshale, natulia. Akifika, namwonyesha mkono. Hana la kusema.

Mabaya yake? Yapo. Mashine ya ndani, 7S26, huwezi kuitia ufunguo kwa mkono, na mshale wa sekunde hausimami unaporekebisha saa. Ikilala siku mbili mezani inazimika, uanze kuitikisa. Usahihi wake, saa ya betri ya bei ya soda inaushinda. Na ile cheni ya chuma ni nyepesi na ina kelele. Chukua ya mkanda wa mpira.

Halafu 2019 wakaleta Seiko 5 Sports mpya, sura ileile. Mashine imeboreshwa, 4R36, unaitia ufunguo, sekunde inasimama. Nikafurahi. Nikageuza: mita 100. Kile kifundo cha pembeni, kwenye hii kinafungwa kwa hesi mpaka maji hayapati njia, tazameni, nazungusha, nazungusha, kimeshika. Kwenye ile mpya unakisukuma tu ndani. Na ringi wamekuwekea! Yaani wamebakiza ringi ya mpiga mbizi kwenye saa ambayo si ya mpiga mbizi. Ni nzuri kwa harusi, sikatai, na kuogelea utaogelea nayo. Lakini ndiyo maana hii ya zamani, hata ikiwa imeshatumika, inauzwa ghali kuliko ilivyokuwa mpya.

Na kwa bei hiyo ya leo, mimi mnanijua, sipendi kuwapotezea hela. Kama unataka ringi na mita 200 tu, Casio Duro, ile yenye picha ya nduaro usoni, ni ya betri na ni rahisi sana. Bill Gates ameonekana nayo, na hela anazo. Nilipoanza kurekodi nilipanga kusema nunueni Duro, tumalize. Sasa nimeshika hii muda wote huu na ulimi umekuwa mzito. Kama unayo nafasi, tafuta SKX. Mkono mwembamba, tafuta mdogo wake, SKX013.

Ila ukienda kununua, angalia. Nyingi zimeshachezewa: mishale ya kununua, uso wa kununua, ringi ya kununua. Igeuze. Mgongoni kuna wimbi limechongwa, na kuna namba. Tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, inayofuata ni mwezi, ila Oktoba ni O, Novemba N, Desemba D. Yangu inaanza na 5N: Novemba ya mwaka unaoishia na 5, yaani 2005 au 2015, maana 1995 ilikuwa haijatoka. Muuzaji akikwambia ni ya 2018 na namba inaanza na 3, mrudishie taratibu. Na kabla hujaingia nayo baharini, mpe fundi saa abadilishe mipira ya ndani inayozuia maji, aipime maji, kwa sababu ile mita 200 ni ya siku ilipotoka kiwandani.

Wiki ijayo simu mbili za bei ya kati, kwa maikrofoni mpya, hii inanguruma mmesikia. Namba ya saa yako iandike hapo chini, tuitafutie mwaka wake.