Maski ya filta mbili kwa mafundi wa faiba, nimeivaa miezi saba hapa Lamu

Asalaam aleikum ndugu zangu. Hii maski niliahidi ntaiandikia nikishaivaa vya kutosha, sasa imetimia miezi saba, nimeivaa kwa boti nne nzima na viraka sijui vingapi, kwa hivyo naandika nikijua ninachosema. Ni ile maski ya raba inayofunika pua na mdomo, ina filta mbili za duara zimekaa huku na huku mashavuni, unazifunga kwa kuzungusha. Nilinunua kwa 4,500 pamoja na filta pea moja, ikatoka Mombasa kwa basi mpaka Mokowe, alafu boti mpaka huku kisiwani. Kampuni siitaji, coz za aina hii ziko nyingi na nnayotaka kusema yanahusu zote.

Hapa Lamu nilitafuta kwanza, nikazunguka maduka ya hadwea yote ninayoyajua, kila nikiingia napewa ile nyeupe ya kitambaa au ile ya karatasi ngumu, "hii ndio wanaovaa mafundi wote". Na ni kweli ndio tunazovaa. Mi mwenyewe nimeivaa miaka sita nikidhani najikinga. Sasa hapa ndio pana jambo nataka kila mtu anayeshika brashi ya resini (ile gundi ya maji tunayolowesha nyuzi za kioo mpaka ikauke iwe faiba) alielewe vizuri, kwa hivyo mnisamehe nikirefusha.

Ile ya karatasi inazuia vumbi. Ukipiga msasa au ukipitisha grainda juu ya faiba iliyokauka, ile inakusaidia, vumbi la vioo linabaki nje. Lakini resini ikiwa mbichi haitoi vumbi, inatoa mvuke, na mvuke unapita kwenye karatasi kama vile hakuna kitu. Ile harufu kali tamu inayokupiga ukifungua ndoo ni stairini. Resini zetu za polista huwa na stairini kama asilimia 30 mpaka 50, ndio inayoifanya iwe maji maji ya kupakika, ukitia hadina, ile dawa ya kuigandisha, sehemu ya stairini inashikana na kuwa plastiki na sehemu inaruka hewani, na hewani maana yake kifuani mwako. Alafu pua nayo inachoka, robo saa ya kwanza unaisikia, baada ya hapo husikii tena unadhani imeisha, kumbe iko vile vile.

Ami yangu ndiye aliyenifunza kazi hii. Nikimwambia macho yanawaka na kichwa kinazunguka alikuwa akinambia "mwanangu, harufu tu hiyo, utazowea". Na hakuwa na ubaya, yeye naye aliambiwa hivyo hivyo na aliyemfunza. Mwaka juzi akapatikana na kansa ya damu. Daktari hakusema ni faiba, na mimi sisemi ni faiba, mtu mmoja huwezi kumjulia chanzo chake. Lakini nilianza kusoma, na nilichosoma ni kwamba mwaka 2018 shirika la utafiti wa saratani la umoja wa mataifa, IARC, liliitoa stairini kwenye kundi la "huenda inaleta" likaipandisha kundi la 2A, yaani kuna uwezekano mkubwa inaleta saratani kwa binadamu, na wasiwasi wao hasa ni saratani za damu na tezi. Na watu waliochunguzwa zaidi ni nani? Ni sisi, mafundi wa faiba. Denmark huko wamewafuatilia wafanyikazi wa viwanda vya boti na vyombo vya faiba miaka na miaka. Nilikaa kwenye mastaba ya nyumba yetu nikasoma hiyo mara tatu. Miaka sita hakuna mtu hata mmoja, si muuza resini, si mwenye boti, aliyewahi kunitamkia neno stairini.

Haya, maski yenyewe.

Siku ya kwanza niliivaa, nikafungua ndoo, nikainamia kabisa mpaka karibu niguse. Sikusikia kitu. Wallahi nilisimama pale nikashangaa, nikaivua nusu kuhakikisha kama resini ni ile ile, ikanipiga, nikairudisha haraka. Ndani ya hizo filta kuna mkaa, si mkaa wa jiko lakini ni ndugu yake, umetengenezwa uwe na vitundu vidogo vidogo mno vya kunasa mvuke. Jioni ile nilirudi nyumbani kichwa hakiniumi. Mke wangu ndiye aliyeona kabla yangu, akaniuliza mbona leo huna hasira.

Raba yake ni laini, haikuniacha na vidonda, mikanda miwili inakaa vizuri hata ukiwa na kofia. Ubaya wake ni joto. Wakati wa kusi unavumilia, lakini miezi ya maleleji upepo ukikatika jasho linajaa kidevuni mpaka linacheza, nimejizoesha kila dakika arobaini hivi natoka nje, nasogea mbali na boti, naivua napangusa, narudi. Na huwezi kuongea vizuri, msaidizi wangu tunapigana ishara za mikono, kwa hivyo vipimo vya hadina tunakubaliana kabla ya kuivaa. Hapo hapo niseme na macho: hii haifuniki macho, na tone moja tu la hadina likiingia jichoni linaweza kukupofua, miwani ya kuziba ya kando nunua siku hiyo hiyo usingoje.

Sasa ndevu. Hili najua litawagusa wengi, lakini siwezi kuliruka. Maski hii inafanya kazi kama raba imegusana na ngozi pande zote. Kuna njia ya kujaribu: unaziba filta zote mbili kwa viganja, unavuta pumzi, maski inatakiwa ikunyonye ishike uso na ibaki hivyo. Mimi sina ndevu nyingi, ikashika. Kaka yangu ana ndevu kamili, tulijaribu mara kumi, tukakaza mikanda mpaka ikamuumiza, hewa inaingia tu pembeni. Kwake yeye hii maski ni pambo. Na ndevu zake ni sunna, sitamwambia azinyoe na wala sitaki mtu amwambie. Kuna zile za kofia nzima zenye feni ya betri ya kusukuma hewa safi usoni, zile zinakubali ndevu, lakini bei yake ni boda boda nzee. Tulichofanya ni kubadilisha kazi, yeye anafanya za nje kwenye upepo, na anakaa upande wa joshini, upepo unakotoka, mvuke uende zake, za ndani ya tumbo la boti nafanya mimi.

Na tumbo la boti ndipo nnapoogopa zaidi. Mvuke wa stairini ni mzito kuliko hewa, unashuka unatulia chini kama maji, pale pale unapochutama wewe na brashi. Maski hii haitengenezi hewa, inachuja tu iliyopo, kwa hivyo kama sehemu imezibika kabisa, chini ya sitaha au ndani ya tangi, usiingie ukadhani filta zitakuokoa. Sisi sasa tunafungua vifuniko vyote na tunasukuma hewa kwa bomba pana, feni yenyewe tunaiweka mbali nje kwa sababu ya cheche. Stairini inaanza kutoa mvuke wa kushika moto kwenye nyuzi joto 31 hivi, na nyinyi wenyewe mnajua adhuhuri ya Machi hapa Lamu inafika wapi. Kuna watu bado wanavuta sigara juu ya boti mbichi, na asitoni ya kuoshea brashi iko wazi kando. Tafadhalini.

Filta ndio gharama ya kweli. Pea moja 1,800 na mimi kwa kazi ya kila siku naenda nayo kama wiki tatu. Hakuna taa wala alama ya kukwambia zimejaa, mkaa ukishajaa mvuke unapita, ukisikia harufu hata kidogo ujue umechelewa kubadilisha, kwa hivyo naandika tarehe juu ya filta kwa kalamu. Pea ya kwanza niliiharibu mwenyewe, nilikuwa naitundika msumarini karakanani usiku kucha, kumbe mkaa haulali, unaendelea kunyonya mvuke wa karakana mpaka asubuhi. Sasa nikimaliza nafuta raba, natia kila kitu kwenye kopo la kifuniko cha kukaza na naondoka nalo nyumbani. Unyevu wa huku pwani nao unaula mkaa. Muuzaji wa hili hakuniambia lolote, na karatasi iliyokuja ndani haina neno la Kiswahili hata moja, na kwa hilo pekee nampunguzia nyota.

Angalieni pia rangi, maana watu wameshaanza kununua ovyo. Yangu ina mstari wa kahawia na mweupe, imeandikwa A2P3. Kahawia ya A ni ya mvuke kama stairini (asitoni inaruka upesi mno, hiyo inataka yenye alama AX), mweupe ni ya vumbi. Hizo ni rangi za Ulaya, zikitoka Marekani ya mvuke huwa nyeusi. Ukiletewa ya kijani ile ni ya amonia, kwako haina kazi.

Dada yangu aliiona akaniuliza kama atanunua na yeye. Yeye na wenzake wanakusanya chupa na vibuyu vya plastiki, na kuna mtu anawaita wakamsaidie kuyeyusha. Nilimwambia ukweli kwamba yangu haimtoshi. Plastiki zikichanganyika na kukaingia PVC, ile plastiki ya mabomba na ngozi bandia, ikipata moto inatoa gesi ya asidi ambayo filta ya kahawia haikutengenezwa kuizuia, anahitaji yenye na mstari wa kijivu au wa manjano, na kabla ya yote PVC itengwe isifike motoni kabisa. Na nilimwambia kuhusu wale wanawake wa Kanada. Utafiti uliotoka 2012 kule kusini mwa Ontario ulilinganisha wanawake zaidi ya 1,000 wenye saratani ya matiti na wengine wasiokuwa nayo, wakaulizwa maisha yao yote ya kazi. Waliofanya kazi viwanda vya plastiki za magari hatari yao ilitoka kama mara 2.7 ya wengine, na kwa walioipata kabla ya kukoma hedhi ikakaribia mara 5. Dada yangu ana miaka 31. Alinyamaza, alafu akaniuliza sasa hao waliambiwa lini. Sikuwa na jibu la kumpa.

Kule Louisville, Kentucky, wafanyikazi wa kiwanda cha PVC walikuwa wakiingia ndani ya matangi kukwangua, na gesi ya vinili kloraidi, ile inayotengenezewa PVC, waliichukulia kama kitu cha kawaida, mpaka mwaka 1974 ikagundulika kadhaa wao wamekufa kwa saratani ya ini ya aina ambayo daktari anaweza kumaliza maisha yake ya kazi asiione. Kiwango cha gesi hiyo kilichoruhusiwa hewani Marekani kilikuwa sehemu 500 kwa milioni, kikashushwa mpaka 1. Bomba la PVC unalokata nyumbani si ile gesi, msiogope kukata bomba, nnachosema ni kwamba wale pia walikuwa wanaume wenye nguvu zao wanaoambiwa wamezowea.

Swali ninaloulizwa sana ni nani alipe. Kama umeajiriwa, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga vinavyofaa, na neno ni vinavyofaa, ile ya karatasi kwa resini mbichi haifai. Na ukinunua resini muulize muuzaji karatasi ya usalama ya kemikali hiyo, ni haki yako kuiona. Nilipomwambia mwenye boti mmoja nataka kuongeza bei ya filta kwenye hesabu alinicheka, akasema atatafuta fundi mwingine, na akampata, kijana wa miaka 19 hivi. Hilo lilinichoma kuliko kukosa kazi. Nilimtafuta yule kijana nikampa maski yangu ya akiba, anaivaa, nimempita juzi nimeiona usoni mwake.

Kwa hivyo maski nampa nyota nne kwa tano. Inafanya inachosema, haidumu bila filta, haifai kwa ndevu, na haichukui nafasi ya kufanya kazi kwenye upepo. Kama mko watano sita kwenye karakana moja agizeni filta kwa pamoja, sisi tulivyofanya hivyo pea imeshuka mpaka 1,500. Mzigo wetu unaofuata unafika Mokowe wiki ijayo, anayetaka kuingia aniandikie kabla ya Alhamisi aseme ni pea ngapi, na aniambie anafanya kazi gani ili nimuagizie rangi inayomfaa.