Raba za bamba la kaboni: nilinunua sababu ya Kipchoge, nimekimbia nazo miezi 4

Niseme ukweli kabisa, hizi raba sikununua kwa sababu niko fasti. Nilinunua kwa sababu ya Eliud Kipchoge, yule mkimbiaji wa marathoni wa Kenya. Tangu ile tarehe 12 Oktoba 2019 pale Vienna alivyomaliza marathoni kwa 1:59:40, anatabasamu kama katoka dukani, mimi nilikuwa naangalia miguu yake tu na ile soli nene nikasema lazima na mimi nivae kitu cha aina hiyo siku moja.

Haya, zinafanyaje. Ukiwa mwendo mkali zinanoga sana, lile bamba ndani ya soli linakurudisha mbele kila ukikanyaga yani unahisi mtu anakusukuma kisigino, na kesho yake mashavu ya miguu hayaumi kama zamani. Lakini ukienda mdogo mdogo ni balaa, sponji iko juu na laini mno, kona kidogo tu kifundo kinayumba. Mimi mwanzoni nilikuwa nazivaa kila siku, hadi mazoezi mepesi (ushamba), na soli ya chini ikaanza kulika haraka.

Sasa kilichoniudhi. Kwenye mbio za kilomita 21, kama kilomita ya 9 hivi nikasikia kitu kinajikunja chini ya vidole vya mguu wa kushoto, nikajua soksi, kumbe ni soli ya ndani imebanduka. Kufika ya 13 imeshatokeza nyuma kisiginoni inapigapiga kama ulimi wa mbwa. Nikakaa pembeni, nikafungua kamba, nikaichomoa, nikamaliza na lengelenge la ukubwa wa maharage na hasira zangu.

Nimerudi nyumbani nataka kuwaandikia matusi waliotengeneza hizi raba, halafu nikakumbuka marathoni ya Berlin 2015. Kama hukuona itafute: Kipchoge soli za ndani zimemtoka viatu vyote viwili, zinaning'inia nje mbele ya dunia nzima, na jamaa hasimami. Kashinda kwa 2:04:00, na hiyo ndo ilikuwa muda wake bora wakati ule! Mimi moja tu nimekaa chini.

Nilicheka peke yangu. Maana mimi nimemuiga kwenye viatu, basi. Yeye 2012 alikosa nafasi timu ya Kenya ya Olimpiki ya London, mtu ambaye 2003 alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000, akahamia mbio za barabarani na 2013 akashinda marathoni yake ya kwanza kabisa Hamburg. Kambini kwake kwa mazoezi, Kaptagat kule Kenya, na umaarufu wote ule alikuwa bado anaosha vyoo zamu yake ikifika, na mazoezi anayaandika kwenye daftari. Daftari nimenunua pia, lina kurasa tatu zimeandikwa hadi sasa, tusiongee sana.

Soli niliipiga gundi ya viatu, nikaacha ikauke usiku mzima, haijasogea tena. Na sasa nazivaa siku za spidi na siku ya mbio tu, mazoezi mepesi narudi kwenye raba zangu kuukuu.

Nyota 3 kati ya 5, moja nimekata ya soli na nyingine ya kuyumba. Saizi ongeza nusu, mbele zinabana. Pea ya pili nitanunua, ila gundi naweka mwenyewe kabla sijazitoa nje.