Uzoefu wangu na diski ya L'Inferno (1911)

Kabla ya kulaumu filamu hii bubu ya Kiitaliano, iliyotokana na shairi la Dante kuhusu kuzimu, angalia kasi. Diski niliyonunua inaenda kwa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, ilhali kamera za enzi hizo zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi fremu 16 hadi 18. Ndiyo maana Dante na Virgilio, mshairi anayemwongoza, wanashuka kuzimu mbiombio kama kuku waliomwona mwewe. Nimeifungua kwa VLC, programu ya kuchezea video, na kushusha kasi hadi 0.75; hapo mwendo unatulia. Toleo zima hukaribia saa moja na dakika kumi. Likiisha chini ya dakika hamsini, ama limekimbizwa ama limekatwa. Au si lenyewe: mwaka huohuo kampuni ya Helios ya Velletri ilitoa Inferno yake fupi. Ya kutafuta ni ya Milano Films, na nakala iliyokarabatiwa na Cineteca di Bologna, hifadhi ya filamu ya Italia, ndiyo safi zaidi.

Weka skrini kwenye umbo la 4:3 (upana 4 kwa kimo 3), la sivyo televisheni itaivuta picha na kila mtu atakuwa na uso wa chapati.

Mwangaza nao usiupandishe. Watengenezaji walifuata michoro ambayo Mfaransa Gustave Doré alilichorea shairi hilo, na ujanja wao mwingi umefichwa gizani. Mfano ni mshairi Bertran de Born, anayesimama hana kichwa, kichwa chenyewe amekishika mkononi kama anayeshika taa. Weusi wa nyuma ukigeuka kijivu, mchezo umeharibika. Wazinzi wanaopeperushwa na upepo ni picha iliyowekwa juu ya picha. Hao hata kwenye nakala chakavu bado wanatisha.

Muziki wa diski yangu ni wa kielektroniki, na una uimbaji. Nauzima. Filamu hii ina kadi nyingi za maandishi, na sauti ya mtu anayeimba inagombana na macho yanayosoma. Kinanda peke yake kinatosha. Kama kadi ni za Kiitaliano na tafsiri haipo, soma kwanza wimbo (yaani sura ya shairi) wa 5, 10, 33 na 34 wa Dante. Bila hivyo Ugolino anayeguguna kichwa cha askofu mkuu atakuwa mtu tu mwenye njaa.

Si ya kutazama na watoto: wenye dhambi wengi wako uchi. Na sehemu inayotokana na wimbo wa 28 ina picha fupi itakayomuudhi Mwislamu, kwa hiyo ukiionyesha kwa kikundi, waambie mapema au iruke.