Magemu ya mwaka wangu hapa Mwanza: Dredge kwanza, mengine yafuate

Najua wengi mnataka jina tu mkatafute, kwa hiyo nalitaja mapema: Dredge. Mwaka huu nimecheza mengi, mengine yanasifiwa dunia nzima, lakini hakuna lililonikesha kama hili la kuvua samaki. Ndiyo, mtu wa Kirumba, anayeamshwa na harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni, anakaa kwenye laptopu kuvua samaki wa kwenye kioo. Chekeni tu.

Nieleweke ninapopimia. Laptopu yangu ni ya mtumba, haina kadi ya picha ya maana, na umeme wa mtaani kwetu una mambo yake. Bando nanunua kwa hesabu. Gemu linalotaka intaneti muda wote, au linalokula GB 100 za diski, kwangu limeshafeli kabla sijaona hata picha yake.

Dredge lilitoka 2023, limetengenezwa na Black Salt Games, studio ndogo ya New Zealand. Wewe ni mvuvi, chombo chako kimevunjikia kwenye visiwa usivyovijua, na meya wa pale anakupa boti nyingine kwa deni. Unavua, unauza, unalipa. Hadi hapo ni maisha ya mwalo wowote.

Utamu wenyewe uko kwenye shehena. Tumbo la boti limegawanywa vyumba vidogo vya mraba, na kila samaki ana umbo lake. Mkunga ni mrefu, mwingine amekunjika kona, papa anataka nafasi ya ukoo mzima. Unamgeuza huku, unamsogeza kule, unamtupa mmoja majini kwa uchungu ili mwenye bei aingie. Injini, taa na nyavu nazo zinagombania nafasi humo humo, ukiongeza mwendo umepunguza mzigo. Ukigonga mwamba, chumba kimoja kinatoboka na samaki aliyekuwamo ndiyo basi tena. Na samaki hawakusubiri: wanatoka ubichi, wanachakaa, mwisho wanaoza kabisa na umerudi mikono mitupu. Anayejua bei ya sato inavyoshuka jua likipanda haelekezwi hapa.

Halafu giza linaingia, na gemu linabadilika tabia. Juu ya kioo kuna jicho. Kadiri unavyokaa majini usiku bila kulala, ndivyo jicho linavyohangaika, na akili ya mvuvi inaanza kumchezea: miamba inatokea mahali ulipopita mchana pakiwa peupe, kunguru wanashuka kukwapua samaki ndani ya boti. Ungesema usivue usiku, lakini wako samaki wa bei ambao hawapatikani saa nyingine. Tamaa inakupeleka, woga unakurudisha. Sijawahi kuona gemu linalopatia hivyo kile kiherehere cha mtu aliyechelewa kurudi ufukweni.

Ba'mdogo, aliyevua dagaa hadi magoti yakagoma, alisimama nyuma yangu jioni moja akitazama.

"Wenzake wako wapi?"

"Yuko peke yake, ba'mdogo."

"Peke yake, usiku? Basi mwache afe."

Kilichomkera zaidi ni taa. Kwenye Dredge taa ni ya kukuonyesha njia na kukutuliza akili. Kwa mvuvi wa dagaa wa ziwa hili taa ndiyo chambo, iwe ya karabai zamani au ya sola sasa: inawashwa gizani, dagaa wanaifuata, wavu unamaliza kazi. Ndiyo maana mbalamwezi ikikomaa mitumbwi inapumzika. Akaniuliza huyo mzungu anamulika nini mbele ilhali samaki wako chini. Sikuwa na la kumjibu. Alipoona kuna wavu wa kukokota, unauburuta nyuma ya boti ukitembea, na unauzwa dukani mchana kweupe, alicheka. Huku kwetu ukikamatwa na kokoro linachomwa moto.

Kasoro ipo. Kule mwishoni kazi za kutumwa zinajirudia, peleka hiki, leta kile, na vile vijimchezo vya kubonyeza kwa wakati unapovuta samaki vinazoeleka mapema. Lakini gemu linajihifadhi lenyewe kila ukitia nanga gatini, umeme ukikata unaanzia pale pale. Hilo peke yake lina thamani kwangu. 2025 limefika hadi kwenye simu.

Nikiwa bado na hamu ya samaki nikahamia Dave the Diver, la Mintrocket ya Korea Kusini, nalo la 2023. Mchana unazamia shimo la bahari na mkuki wako, jioni unahudumu kwenye mgahawa wa sushi, ukimkimbilia mteja na chai kabla hajanuna. Dave ni bonge asiyejua kukataa, kila mtu anamtuma. Hewa kwenye mtungi ndiyo uhai wako, na uzito wa mzigo una kikomo, kwa hiyo ukiona samaki mnono huku hewa inaisha unaanza kupiga hesabu za wizi. Samaki uliyemnasa bila kumtoboatoboa anatoa nyama zaidi, jambo ambalo wachuuzi wetu wangelikubali. Ubaya wake ni kwamba halijui kunyamaza. Kila ukilizoea linaleta jambo jipya: shamba, bwawa la kufugia samaki, kijiji cha chini ya maji. Nilipenda nusu ya kwanza zaidi.

Kwenye simu nilikuwa na Balatro tu. Lilitoka 2024, na aliyelitengeneza anajiita LocalThunk. Ni karata, kopa na uru na shupaza na pau, unaunda jozi au mfululizo kupata pointi, halafu unanunua majokari ya kuzidisha hizo pointi hadi tarakimu zinawaka moto. Yako majokari 150, na raha ni kuyapatanisha. Halitaki intaneti, nililichezea kwenye daladala za Nyegezi bila kutumia hata shilingi ya bando. Dada yangu aliona karata akaanza kunisemea kwa mama kwamba sasa nabeti. Hakuna mkeka humo, hakuna hela inayoingia wala kutoka. Hata wapanga umri wa magemu wa Ulaya, PEGI, waliwahi kuliwekea umri wa miaka 18, wakalishusha hadi 12 mwaka 2025. Dada bado hajashusha.

Magemu ya mpira sitayasema sana. Lile la kampuni ya EA liliacha jina la FIFA tangu 2023, ingawa kwenye vibanda vya kuchezea magemu tunaliita FIFA hadi leo. Kwenye kibanda kimoja nilichozoea, pedi moja inavuta kushoto yenyewe, na mwenye kibanda anajua, na mgeni ndiye anayepewa hiyo. Nimeacha kwenda.

La mwisho nililicheza kwa rafiki mwenye mashine ya nguvu: Tales of Kenzera: ZAU, la Aprili 2024. Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, alilitengeneza baada ya kufiwa na baba yake. Zau ni mganga kijana anayekwenda kwa Kalunga, mungu wa mauti, kudai arudishiwe baba, na anatakiwa kwanza kuleta roho tatu kubwa. Ana vinyago viwili, cha jua kwa kupigana karibu na cha mwezi kwa kurusha kutoka mbali. Na lina sauti za Kiswahili. Miaka yote nimesoma maandishi ya Kiingereza chini ya kioo, safari hii niliegemea nikasikiliza. Kama mchezo wa mapigano ni la kawaida, maadui wale wale wanakurudia, na ni fupi. Ila mazungumzo kuhusu marehemu hayana haraka, yanakaa kama watu wanavyokaa matangani. Kuna mahali pa kukimbizwa ambapo ukikosea kidogo umekufa, unarudi nyuma, unakufa tena. Kwenye mipangilio kuna kipimo cha kushusha ugumu. Kishusheni, hakuna anayewaona.