Pizza ya mpishi huyu ni tamu, lakini meza haina mwenyewe: mgahawa wa Kiitaliano wa bei nafuu, Ngamiani

Mama mkubwa alikuja kutoka Pangani kuangaliwa macho pale hospitali ya Bombo, nami nikataka alale Tanga akiwa amekula kitu ambacho hajawahi kukila. Nikampeleka kwenye mgahawa mdogo wa Kiitaliano huku kwetu Ngamiani. Bei zimeandikwa kwa chaki mlangoni: pizza ya margarita 10,000, spageti ya kamba 9,000. Meza sita, mapangaboi mawili, na tanuri la kuni unaliona kupitia dirisha la jikoni.

Tuliingia saa moja na robo usiku. Mhudumu alikuwa ameegemea kaunta, macho kwenye simu. Hakutukaribisha, wala hakumwamkia mama mkubwa. Kwangu hilo si dogo. Mtu wa miaka sabini na kitu anaingia mlangoni mwako, tena Tanga, shikamoo isisikike? Tulitafuta meza wenyewe, tukaifuta wenyewe kwa tishu.

Menyu ilipofika, mama mkubwa aliipenda picha ya pizza yenye vipande vyekundu vya nyama. Salami za Kiitaliano aghalabu huwa za nguruwe, ingawa za ng'ombe pia zipo, kwa hiyo nikauliza.

"Kaka, hii ni nyama ya nini?"

"Salami, dada."

"Ya mnyama gani?"

"Mi sijui, naleta tu."

Jikoni ni hatua nne kutoka pale aliposimama, na hakwenda kuuliza. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Mji huu umejaa Waislamu. Swali lile lazima analisikia kila siku. Mama mkubwa aliisukuma menyu taratibu. "Basi mwanangu, mie niagizie maji."

Nikainuka mwenyewe hadi dirishani. Mpishi akafuta mikono, akamwamkia mama mkubwa kutoka kule kule jikoni, akanionyesha pakiti: nyama ya ng'ombe, na halali imeandikwa. Akanieleza kwamba alipika miaka kadhaa kwenye hoteli za Kiwengwa, Unguja, ambako Waitaliano hujaa. Mtu mwungwana kabisa. Lakini shaka ilikwisha muingia mama mkubwa, tukaagiza margarita na spageti.

Pizza ya Napoli huiva kwa sekunde 60 hadi 90 tanuri likishika moto barabara. Hili la Ngamiani lipe hata dakika tano. Sisi tulikaa dakika hamsini, na tanuri halikuwa na kosa: niliiona pizza yetu ikitolewa, ikawekwa kaunta, ikabaki pale. Mhudumu aliipita mara tatu. Nilipokwenda kuichukua, jibini ilikuwa imeshaganda. Spageti ikaja baadaye kabisa, pizza imekwisha.

Na bado ilikuwa tamu. Unga mwembamba katikati, kingo zimeumuka na kushika madoa meusi ya moto, nyanya zina ukali wake, na juu majani mabichi. Mama mkubwa akanusa, akashangaa. "Huu si mrehani wa kikuba?" Nikamwambia ndio, ule ule tunaojipamba nao kwa harufu yake, Waitaliano wanautia kwenye chakula. Akacheka, akala vipande vitatu. Nilifurahi sana kumwona.

Spageti hakuielewa. Yeye amezoea tambi za nazi na iliki, laini, na hizi zilikuwa na ugumu kidogo ndani, ndivyo wenyewe wanavyozipenda. Neno moja la mhudumu lingetosha kumtoa wasiwasi kwamba amepewa chakula kibichi. Nikazimaliza mimi. Kamba walikuwa wa siku ile ile, na kitunguu saumu kimekaa mahali pake.

Bili: tulikunywa maji chupa mbili, tukaandikiwa nne. Ikarekebishwa bila pole. Chenji ya 2,000 niliifuatilia mpaka kaunta.

Kwa bei hii na mkono huu, pizza hii nitaila tena, ila nitaagiza pale dirishani kwa mpishi na kubeba nikale nyumbani. Mwenye mgahawa, ubao wa chaki unao tayari: andika nyama ni ya nini, na huyo kijana afundishwe kuamkia wazee na kwenda kuuliza jikoni asilolijua. Mama mkubwa anarudi kliniki mwezi ujao, na ameshaniambia safari hii anaitaka ile ya salami.